Hotipoti ya Mama Neema

Majira ya baridi, ukipita kando ya nyumba ambayo ndani yake mtu anakausha nguo, hewa ya moto yenye harufu ya sabuni hukupiga kutoka kwenye tundu la ukutani. Wengine huiita harufu ya usafi. Mimi hunishika miguu. Nasimama palepale kwenye theluji, mtu mzima na mkoba wangu wa kazini, na kwa muda mfupi ninarudi kuwa na miaka kumi, nimekumbatia taulo ya moto, na Baba yuko sakafuni.

Tulikaa Gaithersburg, katika safu ya nyumba zilizobanana ukuta kwa ukuta kiasi kwamba jirani akipiga chafya unamwambia afya. Mama anakaa humo mpaka leo. Baba ametutoka miezi minne iliyopita, na ndiyo maana naandika sasa. Akiwa hai nisingethubutu.

Alikuwa fundi wa magari Tanga kabla ya kuja Marekani, na huku alijiunga na jeshi akiwa mtu mzima mwenye kitambi, jambo lililowachekesha rafiki zake mpaka walipomwona na sare. Ilipofika zamu ya kikosi chake kwenda Iraki, kanisa letu la Watanzania lilimfanyia sherehe ya kumuaga. Wenzangu mliokulia huku mnazijua sherehe zetu: kadi inasema saa tisa, watu wanakuja saa kumi na moja, na hotuba zinaisha pilau limeshapoa. Baba alikuwa mfupi, lakini siku ile alisimama mbele ya ukumbi kama aliyeongezewa inchi. Akasema, "Wapendwa, mkiniona tena mtaniona na wenzangu wote, tunashuka kwenye ndege mmoja mmoja. Na mimi nitakuwa wa mwisho kushuka." Watu wakapiga makofi. Mama Neema akapiga vigelegele mpaka kilemba kikamdondoka.

Mama Neema alikuwa rafiki wa mama yangu tangu kabla sijazaliwa. Alikaa mitaa miwili kutoka kwetu, alikuwa nesi katika nyumba ya kutunzia wazee, na sauti yake ilitosha ukumbi mzima bila kipaza sauti. Alikuwa na namna yake ya kubonyeza kengele ya mlango, mara tatu za harakaharaka, kwa hiyo ulijua ni yeye kabla hujafungua.

Baba alirudi kabla ya miezi mitano kwisha. Alirudi alfajiri, peke yake, na begi moja. Uso wake ulikuwa umevimba kama wa mtu aliyeumwa na nyuki, lakini hakuwa na bandeji wala gongo. Nilimkagua. Aliponikumbatia nilimpapasa mgongo na mabega nikitafuta jeraha, sikuliona. Mama akaniambia Baba anaumwa figo, alianguka kazini huko jangwani, madaktari wa jeshi wakasema vita vyake vimeishia hapo. Figo nilizozijua mimi ni za mbuzi, zile wanazogombania wanaume kwenye nyama choma. Sikuona zinaingiaje katika vita.

Siku hiyohiyo nilimsikia akimwambia Mama, "Hakuna wa kuambiwa."

"Sasa Baba, watu wanatuombea kila Jumapili. Nitawaambia nini?"

"Waendelee kuomba, ninahitaji. Wenzangu wakirudi na mimi nitarudi. Nitakuwa nimeshapona. Watu wanarudi hawana miguu. Mimi nirudi mzima hivi, nisimame pale mbele niseme naumwa figo? Baada ya maneno yote yale?"

Basi Baba akahamia chini, kwenye besimenti, akalala kwenye kochi kando ya mashine ya kufulia na ya kukaushia nguo. Mapazia ya kidirisha cha juu yakafungwa. Siku za kliniki alitoka kabla ya jua, amejifunika kofia ya jaketi mpaka kwenye nyusi, akajilaza kiti cha nyuma cha gari la Mama kama mzigo. Miguu ilimvimba, buti zake za jeshi zikamkataa, viatu vyote vikamkataa. Mama akamnunulia ndala kubwa kupita kiasi, za mtu wa futi sita na nusu, na Baba yangu mfupi akawa anatembea nazo zinapiga sakafu pwata, pwata. Chakula chake kilipikwa sufuria yake, bila chumvi. Mashine ikikausha nguo, chumba kizima kilijaa joto na ile harufu, na yeye alipenda kukaa karibu nayo kwa sababu alisikia baridi muda wote.

Kazi yangu ilikuwa kudanganya, na nilikuwa hodari. Kila Jumapili mchungaji alituita mbele, Mama na mimi, watu wakanyoosha mikono kumwombea ndugu yetu aliyeko vitani, risasi zimpite kushoto na kulia. Mama alilia kweli, na watu walidhani wanajua kwa nini. Mimi nilifumba macho. Wakiniuliza Baba hajambo, nilijibu kwa Kiingereza, kama tulivyozoea kuwajibu wakubwa: "He's fine. Ame-call jana, anawasalimia wote." Wakati mwingine niliongeza na habari za ngamia.

Kilichoniharibu ni mtoto mmoja darasani, ambaye baba yake alikuwa jeshini pia. Tulikuwa tunakula chakula cha mchana, akatueleza kama anayesoma sheria: askari hawezi kurudi nyumbani kabla ya wenzake. Akirudi, ametoroka. Polisi humtafuta, wakimpata wanamfunga. Nikaacha kula. Kila kitu kikakaa mahali pake: kofia, pazia, kiti cha nyuma, hakuna wa kuambiwa. Ugonjwa usioonekana. Baba yangu alikuwa ametoroka, na Mama alikuwa anamficha, na mimi pia.

Sikumuuliza Mama. Nilimuuliza Baba, jioni moja, anakunja soksi zangu. Nilisema, "Were you scared?"

Aliziweka soksi chini. Nadhani alifurahi kwamba kuna mtu ameuliza. "Sana, mwanangu," akasema. "Sijawahi kuogopa vile."

Leo najua alikuwa anazungumzia kitanda cha hospitali, na daktari kijana aliyemwonyesha karatasi yenye namba za damu yake, na kwamba nilikuwa nimefunguliwa mlango ambao hakumfungulia mtu mwingine. Lakini mimi nilikuwa nimeshapata jibu langu. Nilichukua soksi zangu nikapanda ngazi. Kwa wiki kadhaa nilimpenda na kumdharau kwa pamoja, na dharau, nasikitika kusema, ilikuwa inashinda. Nilikuwa nikimpelekea chakula nakiweka kwenye ngazi ya mwisho, nageuka.

Jumamosi ile Mama aliingia kazini asubuhi. Barafu ilikuwa imeshika vioo vya gari, na hilo ndilo jambo moja ambalo Baba hakukubali Mama alifanye mwenyewe. Alitoka gizani na soksi na zile ndala zake, akakwangua vioo, akarudi, akaziacha ndala mlangoni kando ya viatu vyangu, zikitiririsha maji kwenye zulia. Mama akaniachia maagizo ya kila siku: nisifungue mlango, na nikilazimika kufungua niseme Mama amelala, maana mtoto wa miaka kumi kuachwa peke yake ni kesi nyingine.

Mchana nilisikia kishindo chini. Nilimkuta ameanguka kati ya kochi na mashine, taulo zimemmwagikia. Mdomo wake ulikuwa umekwenda upande mmoja. Alikuwa anataka kuniambia kitu, na maneno yalikuwa yanatoka mazito, hayana umbo. Nilijaribu kumwinua nikashindwa. Mkono wake wa kulia haukunisaidia hata kidogo.

Simu ilikuwa juu jikoni. Tulifundishwa shuleni namba ya kupiga, tuliiimba kabisa. Nilipanda nikaishika. Nikaona magari yenye taa mbele ya nyumba, polisi wanashuka, Baba anatolewa amefungwa pingu, majirani wako madirishani. Nikairudisha mahali pake. Nikashuka, nikafungua mashine, nikatoa taulo zilizokuwa bado za moto, nikamfunika moja moja mpaka kidevuni. Nilifikiri nikimpa joto atapata nguvu. Nilifikiri nafanya jambo la kishujaa kuliko yote aliyowahi kufanya yeye.

Ndipo kengele ikalia, mara tatu za harakaharaka.

Nilifungua kwa upana wa uso wangu. Mama Neema alikuwa ametoka kazini, bado yuko na sare yake ya unesi chini ya koti, ameshika hotipoti ya bluu yenye maua kwa mikono miwili.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mama yupo?"

"Amelala."

"Saa hizi? Anaumwa?"

"No. Amechoka tu."

"Na baba, mmesikia habari zake?"

"He's fine. Ame-call jana."

Alitazama chini, kwenye zulia, kisha akanitazama mimi, kisha akatazama tena chini. Nilidhani ameona theluji niliyoiingiza. Uso wake ulibadilika, ukawa na adabu isiyo ya kawaida yake. "Basi, tumwombee kidogo," akasema, akaniwekea mkono kichwani palepale kizingitini, baridi ikiingia ndani, akamwomba Mungu amlinde Baba huko mbali aliko, amfunike, amrudishe mzima kwa mke wake na mtoto wake. Kwa Mama Neema yalikuwa maombi mafupi. Lakini sauti yake ilikuwa ileile ya ukumbini, na ngazi za kwenda chini zilikuwa nyuma yangu, mlango wake uko wazi. Akaniachia hotipoti. "Mwambie mama ni maharage ya nazi na chapati, ale yakiwa ya moto." Akaenda zake.

Niliposhuka na hotipoti, Baba alikuwa macho. Alinikazia macho, akavuta pumzi, na kwa shida kubwa akatoa neno moja: "Amina."

Nilidhani ananisifu kwa kazi nzuri niliyoifanya mlangoni. Nikamshika mkono nikatabasamu.

Mama alirudi baada ya muda wa saa tatu, nikamwambia Baba alianguka mchana. Gari la wagonjwa lilikuja na taa zake, na hakuna polisi aliyeshuka na pingu. Kabla ya kutoka, nikaona hotipoti juu ya mashine, nikaelewa kwamba ile ndiyo itasema kuna mtu alikuja. Niliisukuma nyuma ya mashine, kwenye maboksi ya mapambo ya Krismasi. Huko hospitali daktari alimwambia Mama, bila ubaya wowote, kwamba kwa kiharusi kama kile, saa zile za mwanzo ndizo zingesaidia. Nilikuwa nimekaa karibu, nachezea zipu ya jaketi langu.

Baba aliishi. Alirudi nyumbani na fimbo, mkono mmoja unaofanya kazi, na maneno yasiyozidi kumi: sawa, bado, asante, jina langu, jina la Mama, mengine ya kuombea vitu. Figo nazo zikashindwa kazi, ikawa mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, na nilipopata leseni nikawa dereva wake. Wale watu wa kanisa aliowaogopa walikuja wote siku ya pili tu baada ya kuanguka kwake, na masufuria, na khanga za kumfunika Mama mabegani. Hakuna aliyecheka. Waliuliza jambo moja tu, wakalirudia mpaka likatuchosha: kwa nini hamkutuambia?

Kosa lote Mama alilibeba mwenyewe. Asingekwenda kazini. Angekataa ule mpango tangu siku ya kwanza. Na mara nyingi, akiosha vyombo au akiendesha gari, alikuwa akisema peke yake, "Laiti angepita hata mtu mmoja siku ile. Mtu mmoja tu abishe hodi." Nilimsikia akisema hivyo nikiwa na miaka kumi na moja, na kumi na tano, na ishirini. Nikanyamaza kila mara. Nilikuwa nimeshazoea kudanganya watu wanaoniamini, na ukizoea jambo hilo ukiwa mdogo unalifanya hata bila kufungua mdomo.

Nilipokuwa na miaka kumi na tatu nilikwenda kuitafuta ile hotipoti ili niitupe. Haikuwepo. Nilikaa miezi nikisubiri Mama aniulize, hakuuliza, nikaona labda ilitupwa na maboksi.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa tunaondoa vitu vya Baba. Mama alisimamia vyumba vya juu, mimi nikashuka chini. Katika kabati lake, nyuma ya sare zilizokunjwa, nikaikuta. Ilikuwa imeoshwa, imeng'arishwa, maua yake yamepauka kidogo. Nilikaa sakafuni. Nilijaribu kuwaza mtu mwenye mkono mmoja anaosha chakula kilichooza na kukauka, peke yake, sisi tumetoka, asitake mtu ajue. Alikuwa amesikia kila kitu siku ile. Alinisikia nikisema amepiga simu jana. Na miaka yote niliyomwendesha kwenda kusafishwa damu, amekaa kando yangu, alikuwa anajua, na hakutumia hata neno moja kati ya yale kumi kuniambia.

Ndani yake kulikuwa na vibandiko vya jina lake kutoka kwenye sare, na karatasi ya jeshi. Niliisoma mara mbili. Inasema ameachiliwa kwa heshima, kwa sababu ya maradhi. Hakuna aliyekuwa anamtafuta. Hajawahi kutafutwa na mtu yeyote ila watu waliomwombea.

Sikulala vizuri siku kadhaa. Kisha Jumamosi nikapika maharage ya nazi na chapati, maana kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, nikaendesha mpaka Oxon Hill, anakokaa Mama Neema sasa kwa binti yake. Njia nzima niliyapanga maneno. Niliogopa kumpa mwanamke mzee huzuni ambayo hakuwa nayo, kumwambia kwamba yeye, nesi, alisimama hatua kumi na mbili kutoka kwa mgonjwa akamwombea alindwe na risasi. Nilikaribia kugeuza gari mara mbili.

Alinifungulia mwenyewe. Amepungua, magoti yanamsumbua, lakini sauti ni ileile. Nilimwamkia, nikatoa hotipoti kwenye mfuko. Aliitazama, akakaa chini polepole.

"Mama," nikasema, "siku ile ulipokuja, Baba alikuwa ameanguka. Alikuwa chini. Mimi nilijua."

"Na mimi nilijua," akasema. "Si siku ile. Siku ya pili yake, tulipoambiwa alianguka Jumamosi mchana. Nilihesabu saa mwenyewe."

Akaipapasa hotipoti maua yake. "Niliona ndala, mwanangu. Mlangoni. Za kiume, kubwa, zimelowa. Baba yako alikuwa na miguu kama ya mtoto wa shule, nikajua si zake. Na wewe unaniambia mama amelala, mchana kweupe. Nikamuwazia mama yako vibaya. Nikasema, mume yuko vitani, na huyu... Haya, si yangu haya. Ndiyo maana sikuingia. Wewe unanijua, lini mimi nimeishia mlangoni?"

Kweli hajawahi kuishia mlangoni.

"Hujawahi kujiuliza kwa nini sikuidai? Hotipoti ya harusi yangu hii. Ningeidai, ningesema nilikuja. Ningesema nilikuja, mama yako angeuliza mbona hukuingia. Ningemjibu nini?"

Tulilia, yeye kwa sauti, mimi kwa namna yangu. Kisha akafuta uso kwa ncha ya khanga, akaniuliza, "Mama yako anajua?"

"Hajui. Mpaka leo anasema laiti angepita mtu."

Alifumba macho. Nilidhani anaanza kuomba, lakini alikuwa anatafuta fimbo yake. "Chukua hiyo," akasema, "hicho chakula nilimpelekea mama yako. Hakijamfikia. Nitafutie viatu vyangu."

Hatukuzungumza sana njiani. Barabara ya 270 ilikuwa imejaa, na yeye aliikumbatia hotipoti mapajani mwendo wote, harufu ya nazi ikijaza gari. Tulipofika nilimshika mkono kwenye ngazi za mbele. Ndala za Baba bado zipo, siku hizi nje ya mlango. Mama hataki ziguswe. Mama Neema alizitazama muda mrefu. Akavua viatu vyake kwa taabu, akavipanga kando ya zile ndala.

Kisha akabonyeza kengele, mara tatu za harakaharaka. Nikasikia hatua za Mama zinakuja, na mara hii sikuwa mimi niliye nyuma ya mlango.